Kupeleleza Magugu ya Malisho kutoka Angani: Habari za Mathenge huko Baringo

Mfugaji huijua nchi yake kwa miguu. Hulijua bonde linalotoa nyasi mapema baada ya mvua, na kilima ambacho nyasi zake hudumu hata kiangazi. Lakini miguu ina mpaka. Magugu yanapoenea katika nyanda zilizo pana kuliko mwendo wa siku nyingi, hapana mtu mmoja awezaye kusema yameanzia wapi, yamefika wapi, na mwaka ujao yatakuwa wapi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa malisho hutumia elimu ya kupeleleza nchi kutoka mbali, yaani kuipima ardhi kwa vyombo vilivyo angani, visivyoigusa. Makala hii yaeleza kazi ya elimu hiyo, nguvu zake na upungufu wake, kwa kufuata mfano mmoja: mti uitwao mathenge katika nyanda za Baringo, nchini Kenya.

Asili ya mathenge ni Amerika ya Kati na sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nia ilikuwa njema. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji na upepo, na kuni zilikuwa adimu. Mti huu huota upesi, huvumilia ukame na chumvi, na kuni zake huwaka vizuri. Lakini mifugo ilipokula maganda yake matamu, ilizitawanya mbegu pamoja na kinyesi, na mafuriko nayo yakazipeleka mbali zaidi. Vichaka vya miiba vikaziba malisho, njia za mifugo na kando za maji. Sukari ya maganda hayo hudhuru meno ya mbuzi wanaoyala kwa wingi, na mbuzi asiye na meno hawezi kuishi. Mwaka 2006 wenyeji, ambao wengi wao ni Wailchamus, waliishtaki Serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya ikautangaza mti huo rasmi kuwa miongoni mwa magugu yanayodhuru.

Basi swali likawa ni hili: magugu hayo yameshika nchi kiasi gani? Kulijibu kwahitaji kwanza kufahamu setilaiti huona nini. Setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa na Marekani mwaka 1972, huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 705 hivi. Vyombo vyake havioni mti, wala nyasi, wala mbuzi. Hupima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, na hupima kila namna ya mwanga peke yake: wa buluu, wa kijani, mwekundu, na ule uitwao infraredi, ambao upo ng'ambo ya mwekundu wala hauonekani kwa macho ya mwanadamu.

Jani bichi lina tabia mbili ambazo ndizo msingi wa kazi yote. Hunywa sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha sehemu kubwa ya infraredi iliyo karibu na mwekundu. Udongo mtupu na nyasi kavu hazifanyi hivyo. Kwa hiyo mtaalamu huchukua kipimo cha infraredi, akatoa kipimo cha mwekundu, kisha akagawanya tofauti hiyo kwa jumla ya vipimo vyote viwili. Jawabu huwa kati ya -1 na 1. Palipo na majani mengi mabichi jawabu hukaribia 1, na palipo na udongo mtupu hushuka karibu na 0.

Lakini kujua kwamba mahali fulani pana ubichi si kujua kwamba pana mathenge. Baada ya mvua nchi yote huwa kijani, na magugu hujificha ndani ya neema hiyo. Hapa ndipo majira yanaposaidia. Mizizi ya mathenge huchimba chini sana hata kuyafikia maji ya ardhini, na kwa hiyo mti hubaki na majani wakati nyasi zimekauka na migunga mingi imepukutika. Picha iliyopigwa katikati ya kiangazi hufichua kile ambacho picha ya masika hukificha. Wataalamu hulinganisha picha za majira yote mawili: pale penye ubichi wakati wa mvua tu huenda pakawa na nyasi, pale penye ubichi mwaka mzima hushukiwa kuwa na mathenge.

Neno "hushukiwa" lina maana yake hapa. Katika nyanda zizo hizo huota mswaki, ambao nao haupotezi majani, na yako mashamba yanayonyweshwa maji ya mifereji, na miti iliyo kando ya mito. Kwa setilaiti vyote hivyo ni ubichi wa kiangazi. Ili kuvitenga, sharti watu waende kwa miguu, wakiwa na chombo cha kuonyesha mahali, waandike: hapa ni mathenge, hapa ni mswaki, hapa ni shamba la mahindi. Sehemu ya maandishi hayo hufundishwa kompyuta, ili ijifunze namna mwanga wa kila mmea ulivyo. Sehemu nyingine huwekwa kando, isionyeshwe kompyuta, hata ramani ikiisha ndipo itumike kuisahihisha. Makosa ni ya namna mbili, na kila moja lina hasara yake. Ramani ikiuita mswaki mathenge, huenda watu wakapelekwa kukata mti unaowafaa. Na ikishindwa kuuona mathenge uliopo, watu hutulizwa bure wakati adui yu mlangoni.

Faida kubwa ya picha hizi ni kwamba zina kumbukumbu. Hapana aliyekuwa akipima vichaka vya Baringo kila mwaka tangu mwanzo, lakini setilaiti zilikuwa zikipita juu yake, na picha zao zikahifadhiwa. Tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bila malipo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulizitumia kuifuata historia hiyo. Ilionekana kwamba mwaka 1988 mathenge ulikuwa umeshika hekta 882. Kufikia mwaka 2016 ulikuwa umeshika hekta 18,792, yaani zaidi ya mara 21 ya eneo la kwanza. Kwa wastani ni hekta 640 kila mwaka. Mti ulienea juu ya nyasi, juu ya migunga, na juu ya mashamba pia. Malalamiko ya wafugaji, ambayo kwa miaka mingi yaliweza kuitwa maneno matupu, yalipata hesabu.

Hata hivyo hesabu hiyo yatakiwa isomwe kwa uangalifu. Kila nukta ya picha ya Landsat ni mraba wa mita 30 kwa 30, na vyote vilivyomo ndani yake huchanganywa kuwa kipimo kimoja. Miche kumi ya mathenge iliyotawanyika katika mraba huo haionekani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina miraba ya mita 10 kwa 10, na huo ni msaada mkubwa. Lakini mche wenye kimo cha goti bado huzishinda. Tena mabadiliko hayana sababu moja daima. Ziwa Baringo limepanda sana katika miaka ya karibuni, na eneo la magugu likipungua ufuoni, pengine ni maji yaliyoyafunika, wala si kazi ya shoka.

Upungufu huu wa kutoiona miche ndio wenye uzito kuliko mingine. Mche mchanga hung'olewa kwa jembe kwa muda mfupi. Mti mkubwa ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na kuung'oa kwataka nguvu nyingi na fedha. Maana yake ni kwamba setilaiti huyaona magugu waziwazi wakati ambapo tiba imekwisha kuwa ghali. Anayeweza kuyaona mapema ni mchungaji apitaye hapo na mifugo yake. Lakini mchungaji naye haoni kwamba mche wake mmoja ni ncha ya mkondo ulioanza mbali, kando ya mto. Ramani humwonyesha hilo, na humwonyesha mwenye kugawa fedha kwamba yafaa kulinda kwanza nyanda zilizo safi bado, kuliko kumaliza nguvu zote katikati ya msitu wa miiba.

Kwa hiyo kazi hii ina macho mawili, la mbali na la karibu, na kati yao pana lugha. Wanasayansi waliuita mti huu Prosopis juliflora, na tangu mwaka 2022 wako wanaouita Neltuma juliflora. Mgunga nao umehamishwa kutoka jina la Acacia hadi Vachellia. Mabadiliko hayo yana sababu zake katika elimu ya mimea, lakini mfugaji hana haja ya kuyangoja. Yeye husema mathenge, mswaki na mgunga, na majina hayo ndiyo yaliyoifundisha kompyuta, kwa kuwa ndiyo yaliyosemwa porini wakati wa kuandika. Yapasa basi yarudi pia kwenye ramani. Ramani ikiandikwa kwa majina ambayo wenye nchi hawayasomi, hubaki ofisini. Ikiandikwa kwa maneno yao huweza kutandazwa mbele ya baraza, kila mtu akaonyesha kwa kidole mahali ambapo imekosea, na mahali ambapo mche wa kwanza umeonekana juzi, kabla haujawa mkubwa wa kutosha kuonekana kutoka angani.