Akitaka kuacha pombe, asiache peke yake

Wengi wetu tunaishi na mtu anayekunywa na wala si tatizo. Bia mbili Ijumaa, nyama choma, stori, nyumbani. Lakini kuna yule ambaye mbili zake hazina mwisho, na wewe mwenza wake ndiye unayepiga simu kazini kwake asubuhi: "Leo ameamka na malaria." Msomaji, haya ni yako.

Wifi yangu alikuwa bingwa wa malaria hizo. Anaishi Sola, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na mdogo wangu ambaye ni mwalimu (naandika kwa ruhusa yao wote wawili). Siku aliyonipigia hakulia. Alisema tu, "Wifi, jana amemsahau mtoto kliniki," kisha akanyamaza.

Ushauri haukukosekana. Wazee walitaka aapishwe. Washikaji zake wakasema abaki na bia, aachane na gongo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 na wapo waliodhani shida imekwisha, lakini gongo nayo ni haramu miaka nenda rudi, na mnywaji anajua pa kuipata. Yeye mwenyewe alitaka kukata siku hiyo hiyo, kiume.

Hapo naomba usome taratibu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, hata kuona vitu visivyokuwepo. Siku tatu nne za mwanzo ndizo za hatari, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo kwanza hospitali: zipo dawa za kumtuliza, na vitamini B1 anayoihitaji. Mdogo wangu alianzia kwa daktari. Mwili ukatulia ndani ya wiki. Ila jioni ilipofika, saa ile wenzake wanakaa kilabuni, hakuwa na pa kwenda.

Ndipo nikaanza kutafuta kikundi. Kinachojulikana zaidi duniani ni AA, yaani walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale dalali wa hisa, Bill Wilson, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote walikuwa walevi, na waligundua kwamba kila mmoja anabaki mzima akizungumza na mwenzake. Hakuna ada wala fomu. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Kwa wake, waume na ndugu kipo Al-Anon, tangu 1951. Na si imani tupu: mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, ukaona njia hii inawasaidia watu kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo.

Nairobi vikundi vipo vingi, Dar vipo. Sola, hakuna. Likizo ya Juni akaja Dar, nikamsindikiza kwenye mkutano wa wazi, ule unaoruhusu ndugu. Viti vya plastiki, chai ya rangi, watu kama kumi. Yaliyosemwa mle yanabaki mle. Naweza kukwambia ambacho hakikutokea: hakuna aliyemhubiria, hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Mungu anatajwa katika hatua zao 12, ila kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa, na pale Muislamu na Mkristo walikaa benchi moja. Kwenye daladala akaniambia, "Dada, yule mzee wa mwisho ni kama amenieleza mimi."

Kasheshe ni kurudi. Dar unajificha katika watu. "Sola ukinunua panadoli, mtaa mzima unajua kichwa kinakuuma," alisema. Aliyemtoa hofu ni fundi baiskeli aliyeacha pombe miaka kadhaa nyuma. Muuguzi wa zahanati aliwakutanisha baada ya kumuuliza kila mmoja kwanza. Fundi alimjibu: "Mwalimu, siri gani? Nilishakuona umelala mtaroni. Sasa waache wakuone umekaa."

Wakaanza wawili, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, saa ile ile ya kilabu. Wakati wa mauzo ya pamba, hela zikiwa mikononi mwa watu na kila mtu anataka kukununulia, mdogo wangu aliteleza. Siku mbili. Alhamisi akarudi, fundi akamsogezea kigoda, wakaendelea. Wifi naye hapigi tena simu za malaria, na kwa maoni yangu hilo lilimsaidia mumewe kuliko maombi yetu yote. Siku ya kwanza alipokataa, mwalimu alikwenda shule akiwa amechelewa na akajieleza mwenyewe.

Kama ulipo hakuna kikundi, muulize muuguzi au daktari wako, huwa wanawajua walioacha. Ipo pia mikutano ya AA kwa njia ya simu na intaneti, ukiwa na bando.

Sola sasa wako wanne. Juzi walibishana juu ya jamaa anayekuja kikundini akiwa amelewa. Wameamua aruhusiwe kukaa na kusikiliza, ila zamu ya kuongea atapewa siku atakayokuja mkavu. Alhamisi iliyopita alikuja, akakaa kimya mpaka mwisho.