Ufa kati ya ukuta na dari: Jua chanzo chake kabla ya kuuziba

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ingali na mashiko, lakini ufa unaojitokeza pale ukuta wa ndani unapokutana na dari unahitaji tahadhari zaidi. Atakayeuziba bila kujua chanzo chake huenda akaficha hatari badala ya kuiondoa.

Baadhi ya wamiliki wa nyumba za kukodisha hupaka rangi upya kila mpangaji anapohama. Rangi hiyo hupendeza macho kwa miezi michache, kisha ufa ule ule huchomoza tena mahali pale pale. Si lazima nyumba iwe inaporomoka. Aghalabu hiyo ni dalili kuwa ukuta na dari havisongi kwa kiasi kimoja.

Chukua mfano wa jua. Slabu ya zege iliyo juu kabisa ya jengo hupata joto mchana na kupoa usiku. Zege hutanuka kwa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Hivyo basi, slabu yenye urefu wa mita 10, joto lake likipanda kwa nyuzi 20, hurefuka kwa milimita 2 hivi. Ukuta ulio chini yake, ambao umekingwa dhidi ya jua, hautanuki kiasi hicho. Plasta nayo haivutiki, kwa hivyo hukatika kwenye maungio. Ndiyo sababu nyufa za aina hii hukithiri katika orofa ya juu.

Katika nyumba za mabati, mbao za kenchi hufura msimu wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Nyumba mpya pia hupata nyufa kwa kuwa maji yaliyochanganywa na saruji hukauka polepole, na plasta husinyaa. Ni busara kusubiri takriban mwaka mmoja kabla ya kufanya ukarabati wa kudumu.

Chanzo cha kutia hofu zaidi ni ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana katika sehemu nyingi za Nairobi na Athi River, hufura unyeshewapo na kusinyaa ukaukapo. Msingi usiofika kwenye ardhi ngumu huinuliwa na kushushwa, nazo kuta hupasuka.

Utatofautishaje nyufa hizi? Tia alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Kisha pima upana wake kila mwezi, kuanzia msimu wa mvua hadi kiangazi. Ufa mwembamba usiozidi milimita 1, na usioongezeka, kwa kawaida ni kasoro ya sura tu.

Hata hivyo, ufa ukizidi milimita 5, ukipenya hadi upande wa pili wa ukuta, au ukiteremka kimshazari kuelekea pembe za mlango au dirisha, weka mwiko chini na umwite mhandisi aliyesajiliwa. Fanya vivyo hivyo milango ikianza kukwama au slabu ikibonyea.

Ufa usio na hatari huzibwa hivi. Kwangua rangi na plasta iliyolegea, panua mdomo wa ufa kidogo, kisha ondoa vumbi kwa burashi. Usitumie saruji wala fila ngumu, kwani zitakatika tena. Tumia silanti ya akriliki, ambayo huvutika na kukubali rangi. Silikoni ya kawaida haishiki rangi. Isukume hadi ndani, ilainishe kwa kidole kilicholowa maji, na uiache ikauke kwa saa 24 kabla ya kupaka rangi.

Kwa dari ya jipsamu, kunja utepe wa karatasi katikati, uubandike kwenye pembe kwa fila ya jipsamu, kisha paka tabaka mbili au tatu nyembamba na upige msasa. Ikiwa dari husongasonga kila msimu, weka konisi iliyoshikizwa upande mmoja pekee, ili upande wa pili uteleze bila kupasuka.

Katika nyumba kongwe zenye dari ya asbesto, usikwangue wala kupiga msasa. Vumbi lake husababisha saratani.

Mkasa wa Huruma, Nairobi, ambapo jengo la makazi liliporomoka usiku wa Aprili 29, 2016 kufuatia mvua kubwa na kuua makumi ya watu, ni funzo kuwa usalama wa nyumba si suala la rangi.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa kodi ya kwanza, inua macho uangalie pembe za dari. Ukiona ufa, upige picha yenye tarehe na umwandikie mwenye nyumba. Akikupuuza ilhali ufa unazidi kupanuka, peleka malalamishi kwa serikali ya kaunti au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.