Jina la Bandia, Maisha ya Kweli

Wasifu huandikwa na mtu mwingine. Tawasifu huandikwa na mwenye maisha yake. Anayeshika tawasifu hutarajia kwamba jina la mwandishi na huyo anayesema "mimi" ndani ya kitabu ni mtu mmoja. Harriet Jacobs, Mmarekani mweusi, hakulitimiza sharti hilo, na nusura apokonywe kitabu chake.

Alizaliwa utumwani mwaka 1813 huko Edenton, North Carolina. Alipokuwa msichana, daktari aliyekuwa mkuu wa nyumba aliyotumikia alimwandama akimtaka kimwili. Ili amkwepe, Jacobs alijiingiza katika uhusiano na mwanasheria mzungu, akazaa naye watoto wawili. Mwaka 1835 alijificha darini kwa bibi yake, mahali penye urefu wa futi 9, upana wa futi 7, na kimo kisichozidi futi 3. Kusimama hakukuwezekana. Alikaa humo karibu miaka 7, akiwachungulia wanawe kupitia tundu alilotoboa, hadi alipotorokea kaskazini mwaka 1842.

Kitabu chake, Incidents in the Life of a Slave Girl, kilitoka Boston mwaka 1861. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani kama yeye, alikwisha kuchapisha tawasifu kwa jina lake tangu 1845. Jacobs alijiita Linda Brent, na majina ya wengine pia akayabadili. Kwa nini? Douglass alisimulia jinsi alivyopigana na mkulima aliyemkodi, akasifiwa kwa ushujaa. Jacobs alikuwa na habari ya kuzaa nje ya ndoa, na alikuwa akiwaambia wanawake wa kaskazini walioheshimu usafi wa mwanamke kuliko yote. Jina la bandia lilimsitiri.

Lakini stara hiyo ilimponza. Katika karne ya 20 wasomi wengi walikiona kitabu kuwa riwaya, wengine wakidai kiliandikwa na mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child. Mwaka 1981 mtafiti Jean Fagan Yellin alitumia barua za Jacobs mwenyewe kuthibitisha kwamba kalamu ilikuwa yake na maisha yalikuwa yake.

Basi msomaji, ukikuta mwanamke wa zama zile amejificha nyuma ya jina la kubuni, usiharakishe kumwita mtunzi wa hadithi. Jiulize kwanza jina lake halisi lingemgharimu nini.