Ukarabati wa nyumba msimu wa korosho: makosa ya kuepuka na namna ya kuyarekebisha

Kwa kaya nyingi za wilaya za Nachingwea na Ruangwa, fedha za kukarabati nyumba hupatikana mara moja kwa mwaka. Korosho huanza kuokotwa mnamo Septemba, minada ya stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi na Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI hufuata kuanzia Oktoba, na malipo huingia katika akaunti za wakulima baada ya mauzo. Mvua nazo huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Fedha na mvua hufika karibu kwa pamoja, na ukarabati mwingi hufanywa katika majuma machache yaliyo kati yake.

Haraka hiyo huzaa makosa. Kosa la ujenzi huwa na gharama ndogo likionekana siku lilipofanyika, na gharama kubwa likishafunikwa kwa lipu, zege au bati. Mwenye nyumba anayekagua kila hatua kabla ya kufunikwa huokoa sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka.

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya kazi iliyoanza kabla ya kupimwa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuifikia wilaya hii, ulileta mashine na watu kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 ulifutwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamepotea. Nyumba ya vyumba vitatu ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na mpango huo, lakini kanuni ni ile ile: kupima hutangulia kubomoa.

Kabla ya kubomoa

Hatua ya kwanza ni kuizunguka nyumba na kuandika kila kasoro: nyufa, mahali panapovuja, mbao zilizoliwa na mchwa, na sehemu za msingi zilizochimbwa na maji yanayodondoka kutoka kwenye paa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, ufa uliozibwa bila kujulikana chanzo chake hurudi. Ncha mbili za ufa ziwekewe alama ya penseli na tarehe, kisha zitazamwe tena baada ya majuma kadhaa. Ufa uliobaki palepale unaweza kuzibwa. Ufa unaorefuka, hasa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, mara nyingi huashiria kuwa msingi unatitia, na lipu haiwezi kuuponya.

Hatua ya pili ni kutambua kuta zinazobeba paa. Ukuta wa namna hiyo hautobolewi mlango mpya wala kuondolewa kabla ya mzigo wa juu kuegemezwa kwa nguzo imara na linta kuwekwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya maafa hayo serikali iliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Nyumba ya chini haina uzito wa ghorofa, lakini ukuta wa tofali mbichi ukiangukia chumba chenye watoto waliolala huua vilevile.

Kwa nyumba zilizo katika maeneo yaliyopangwa kimji, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji ufanyike kwa idhini ya mamlaka ya upangaji. Anayekusudia kuongeza chumba au kubadili matumizi ya nyumba aulize kwanza katika ofisi ya halmashauri. Kuuliza mapema kunamwepusha na hasara ya kubomoa alichojenga.

Paa

Kosa lenye hasara kubwa kuliko yote msimu huu ni kuezua nyasi kabla ya bati zote kufika. Ukuta wa udongo au wa tofali mbichi uliokaa miaka mingi chini ya paa unaweza kumomonyoka kwa mvua moja kubwa. Bati, mbao, misumari na kofia ya paa vinunuliwe vyote na kuhesabiwa, kisha nyasi ziondolewe upande mmoja baada ya mwingine. Kama vifaa havijakamilika na mawingu yameanza kukusanyika, ni heri kuvumilia nyasi za zamani hadi kiangazi kuliko kupoteza kuta.

Wakati wa kununua bati, mnunuzi akumbuke kuwa namba ya geji inapokuwa kubwa, bati huwa jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati, kwa kuwa maji hupita bondeni. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya imara au bamba la chuma lililozamishwa ndani ya mkanda wa zege, kwa sababu upepo unaotangulia mvua za kwanza huingia chini ya upenu na kulinyanyua paa.

Ukuta na lipu

Wengi hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ili nyumba ionekane ya kisasa. Udongo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, wakati saruji ni ngumu na haifuati mwendo huo. Baada ya misimu michache lipu hupasuka, maji huingia nyuma yake, na ukuta huoza pasipo kuonekana. Ukuta wa udongo hulindwa vizuri zaidi kwa lipu ya udongo iliyochanganywa na chokaa, upenu mrefu, na mfereji wa kuyaondoa maji karibu na msingi.

Kwa kuta za tofali za kuchoma au za saruji, ukuta husafishwa na kuloweshwa kabla ya lipu. Saruji yenye mabonge magumu imekwisha kunyonya unyevu na haifai kwa kazi inayobeba uzito. Mchanganyiko hutumika ndani ya saa mbili hivi. Ukianza kukauka na kuongezewa maji, nguvu yake hupungua. Zege na lipu humwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi. Fundi huwa amekwisha kuondoka siku hizo, hivyo jukumu hilo ni la mwenye nyumba.

Umeme

Nyaya hukaguliwa kabla ya lipu na dari kuzifunika. Kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Waya wa ardhi usiachwe kwa kisingizio cha kupunguza gharama, kwani ndio unaomlinda mtu pale chombo cha chuma kinapoingiwa na umeme. Paa linapoezuliwa, umeme uzimwe kwenye swichi kuu.

Kosa linapotokea

Hata fundi hodari hukosea. Jambo la kwanza ni kusimamisha kazi katika sehemu hiyo, kwa sababu kila tofali linaloongezwa juu ya kosa huongeza gharama ya kulitoa. La pili ni kupiga picha na kuandika tarehe. La tatu ni kutenganisha kosa la sura na kosa la uimara. Rangi yenye mabaka inaweza kusubiri. Ukuta uliopinda unapopimwa kwa timazi, linta iliyopasuka au kenchi iliyolegea haviwezi kusubiri, na havifichwi kwa lipu. Lipu nayo hupimwa kwa kuigonga kwa mpini wa nyundo: inapotoa sauti ya uwazi haijashika, nayo hubanduliwa sehemu hiyo tu, ukuta ukaloweshwa na kupigwa upya. Pale penye shaka kuhusu uimara, ushauri wa mhandisi uombwe kabla kazi haijaendelea.

Ugomvi mwingi baina ya mwenye nyumba na fundi hutokana na makubaliano ya mdomo. Karatasi moja yatosha: kazi itakayofanywa, nani ananunua vifaa, muda, kiasi cha malipo, na nani anabeba gharama ya kurudia kazi iliyoharibika, ikiwa na sahihi za pande mbili na mashahidi. Malipo yatolewe kwa hatua, kila hatua ikilipwa baada ya kukaguliwa, na sehemu ya mwisho ibaki hadi kazi yote ikamilike. Ni busara pia kutenga sehemu moja ya kumi ya fedha kwa mambo yasiyotarajiwa, kwa kuwa ubovu wa nyumba kuukuu hujitokeza baada ya kubomolewa.

Fundi naye anastahili haki. Asilaumiwe kwa vifaa hafifu alivyonunuliwa, wala kwa kazi iliyoharakishwa dhidi ya ushauri wake. Mafundi wengi ni wakazi wa kata hizi hizi, na mazungumzo ya mapema mbele ya mzee anayeheshimika humaliza mengi. Yakishindikana, shauri lifikishwe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata kwa usuluhishi, na deni litokanalo na mkataba laweza kufunguliwa madai katika Mahakama ya Mwanzo. Huko, karatasi yenye sahihi na picha zenye tarehe zitakuwa na uzito kuliko maneno.

Wakazi wanashauriwa kuanza ukaguzi wa nyumba zao wakati wa kiangazi, kabla minada haijafunguliwa. Orodha iliyoandikwa mwezi Julai haigharimu chochote, na fedha zitakapoingia itajulikana lipi lianze, lipi lifuate, na lipi lisubiri hadi msimu ujao.