Pikipiki ya babu si chuma chakavu

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya mali ambayo baadhi yetu tunayo bila kujua. Nina maana ya pikipiki kuukuu, ile aliyoiacha marehemu babu, ambayo imeegemezwa nyuma ya nyumba au imefunikwa magunia ghalani, na kuku wanataga juu ya kiti chake. Kila mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita na mzani wake, mtu mmoja wa nyumbani huuliza kwa nini nayo isipimwe iondoke. Kijana wa nyumba hiyo ana shauri jingine. Yeye anataka kuikata madigadi, aipake rangi nyekundu, aivalishe usukani mrefu na kuingia nayo mjini. Mimi nasema wote wawili wasubiri kidogo, na nitaeleza sababu.

Hebu kwanza tutazame yaliyotokea Uingereza. Mwaka 2015, katika jimbo la Cornwall, karibu na nyika ya Bodmin, zilipatikana mabandani pikipiki nane za aina ya Brough Superior. Zilikuwa zimekaa humo zaidi ya miaka 50, nyingine vipande vipande, zimefukiwa na vumbi, vyuma na takataka za nyumbani. Brough hazikuwa pikipiki za kila mtu. Zilitengenezwa mjini Nottingham kuanzia mwaka 1919 hadi 1940, na jumla yake ni kiasi cha 3,000 tu. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi wa Kiingereza aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alizipenda mno, na ajali aliyoipata juu ya mojawapo ndiyo iliyomuua mwaka 1935.

Mwezi wa Aprili 2016 pikipiki hizo nane zilipigwa mnada. Mojawapo, ya mwaka 1938, ilikuwa ya ajabu kidogo: injini yake ilikuwa ya gari dogo la Austin, yenye silinda nne, na nyuma ilikuwa na magurudumu mawili yaliyokaa pamoja. Za namna hiyo ziliundwa kama kumi tu. Wenye mnada walikadiria kwamba ingepata kati ya pauni 80,000 na 120,000. Ilinunuliwa kwa pauni 331,900, pamoja na kutu yake yote.

Mtu atauliza, je, huyo aliyenunua kutu kwa fedha nyingi hivyo ana akili timamu? Kwa maoni yangu anazo. Alichonunua si chombo cha kwendea kazini. Alinunua kitu adimu ambacho hakuna mkono wa fundi uliokuwa umekichezea, kwa hiyo uamuzi wa kukifanya nini ulikuwa bado wake. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi. Unaweza kupaka nyingine iliyo nzuri zaidi, lakini itakuwa nyingine.

Basi mtu mwenye pikipiki ya zamani anazo njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuihifadhi kama ilivyo, yaani kuisafisha, kuzuia kutu isiendelee na kuifanya iwake, lakini bila kugusa sura yake. Ya pili ni kuirejesha katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Ya tatu ni kuigeuza iwe kitu kipya kwa kadiri ya moyo wa mwenyewe. Kutoka njia ya kwanza unaweza kuhamia ya pili au ya tatu wakati wowote. Kutoka ya tatu kurudi ya kwanza haiwezekani.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kugeuza ni dhambi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wa Marekani waliorudi makwao walizikata madigadi pikipiki zao nzito ili ziwe nyepesi, na kutokana na kukatakata huko ukazaliwa ufundi mzima. Huko Uingereza nako, vijana waliokuwa wakikutana katika mikahawa ya madereva walichukua injini ya Triumph wakaitia katika fremu ya Norton, kwa sababu ile injini ilikuwa na nguvu na ile fremu ilikuwa tulivu kwenye kona. Pikipiki hiyo ya kuchanganya wakaiita Triton, na leo inaheshimiwa kama iliyotoka kiwandani.

Wengi mtaikumbuka sinema ya Easy Rider ya mwaka 1969, na ile Harley-Davidson yenye uma mrefu na tangi lililochorwa bendera ya Marekani. Pikipiki za sinema ile zilikuwa kuukuu, zilizotumiwa na polisi na kuuzwa mnadani. Waliozigeuza ni Wamarekani weusi wawili, Cliff Vaughs na Ben Hardy. Pikipiki zile zilijulikana dunia nzima, lakini majina ya mafundi hayakutajwa katika sinema, ikapita miaka mingi kabla watu hawajajua ni kazi ya nani. Hili ni somo kwetu pia. Kazi ya fundi ikiwa njema, jina lake liandikwe.

Kwa hiyo unachaguaje? Mimi nina kanuni mbili nyepesi. Kama pikipiki ni adimu na viungo vyake vya asili vipo vyote, ihifadhi au uirejeshe. Kama ni ya aina iliyojaa duniani, na tayari imepoteza tangi, kiti na taa, hapo huna cha kuhifadhi, igeuze upendavyo. Kanuni ya pili ni kwamba hata ukigeuza, geuza kwa spana kabla ya msumeno. Kilichofunguliwa kwa nati kinaweza kurudishwa kwa nati. Weka kila ulichotoa katika sanduku, na usikitupe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuivuta pikipiki nje, kutia petroli na kuipiga kiki kwa nguvu zote siku hiyo hiyo. Injini iliyolala miaka 20 huenda pistoni yake imeshikana na silinda kwa kutu. Ukiilazimisha, utavunja ringi au kupinda koni rodi, na hasara ambayo ingekuwa ndogo inakuwa kubwa. Fungua plagi, mimina dizeli au mafuta mepesi ndani ya silinda, uiache siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha taratibu kwa mkono. Mwaga oili ya zamani. Mwaga na petroli, maana petroli iliyokaa muda mrefu hugeuka kama gundi na kuziba vitundu vidogo vya kabureta. Kabureta lazima ifunguliwe na kusafishwa, hakuna njia ya mkato.

Ndani ya tangi mna kutu. Siki ikiachwa humo siku moja au mbili huila kutu hiyo, kisha tangi lisuuzwe na kukaushwa upesi kabla kutu mpya haijaanza. Lakini rangi ya nje isidondokewe na siki, na tangi lililowahi kuwa na petroli lisipelekwe kwa mchomeleaji kabla halijasafishwa vizuri. Mvuke unaobaki ndani hulipuka hata kama tangi linaonekana tupu.

Halafu kuna jambo la spana, ambalo mafundi wengi vijana hawalijui. Pikipiki za Uingereza za zamani, kama BSA zilizotengenezwa Birmingham, zina nati za vipimo vya Kiingereza vya zamani, na spana za milimita hazizikai sawasawa. Fundi akilazimisha, nati inaviringika kama kokwa ya fenesi, na baadaye haifunguki ila kwa patasi. Pikipiki za Kijapani zina tatizo lake. Skrubu zao za msalaba hazilingani barabara na bisibisi za msalaba za kawaida, na hiyo ndiyo sababu Honda nyingi za zamani utakuta skrubu za ubavuni mwa injini zimeliwa vichwa.

Nimekaa mara nyingi Gerezani, Dar es Salaam, nikiwatazama mafundi wakifanya kazi ambazo zingewashangaza wenye karakana za Ulaya. Fundi wa pale hubuni kipuri kutokana na kipande cha chuma na kukipa umbo kwa tupa, na pikipiki ikawaka. Ufundi huo ni mali. Lakini umezoea haraka, kwa sababu mteja anataka chombo chake kabla ya jioni. Pikipiki ya miaka 50 haitaki haraka hiyo, na mwenye mali ndiye anayepaswa kumwambia fundi tangu mwanzo kwamba hapa hapana msumeno bila kuulizana.

Katika jambo moja tu siwezi kukubaliana na wanaopenda kila kitu kibaki cha asili, nalo ni uhai wa mtu. Tairi ya zamani hata kama ina meno mazima, mpira wake umekufa. Usiendeshe nayo. Waya za breki na viatu vyake vibadilishwe. Na vumbi lililo ndani ya breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa maana viatu vya miaka hiyo vilikuwa na asibesto, ambayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Anayetaka asili yote ibaki, tairi za zamani na aziweke ukutani.

Vipuri navyo vinatofautiana. Honda ile ndogo ya kukanyaga gia bila klachi ya mkono, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958, ilikuwa imetimiza idadi ya milioni 100 mwaka 2017, kwa hiyo kuipatia vipuri si shida kubwa. Kampuni ya BSA, kwa upande mwingine, ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vipuri vyake hupatikana kwa wafanyabiashara wachache wa ng'ambo, na bei yake si ya mchezo. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kufungua nati ya kwanza, la sivyo utaishia na injini katika ndoo na fremu chini ya mwembe.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiko katika fedha. Pikipiki nyingi za zamani katika nchi yetu zilikuwa za kazi. Walizipanda mabwana shamba, waganga wa zahanati, walimu wakuu na mapadri, katika barabara ambazo basi halikufika. Wengi wao hawakuandika habari za maisha yao. Mkwaruzo kwenye tangi, kibao cha ofisi kilichofutika nusu, chuma cha nyuma kilichochomelewa kubebea sanduku la dawa, ndiyo maandishi yao. Msasa wa siku moja unaweza kuyafuta yote.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mwenye pikipiki ya namna hiyo nampa kazi ndogo juma hili. Ipige picha pande zote kabla hujaigusa. Nakili namba ya injini na namba ya fremu, uzilinganishe na kadi kama ipo, na mtu yeyote asizikwangue. Kisha mwulize mzee wa nyumba aliyebaki ilinunuliwa lini, na nani, na ilikuwa ikienda wapi, uandike katika daftari. Hayo yote hayana gharama ya zaidi ya shilingi chache. Wazee wanaojua majibu si wengi, na hawatakuwapo siku zote. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaweza kusubiri.