Mbu Aliyerudi KwaZulu-Natal

Kwa takriban miaka 50, kuta za nyumba za kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, zilipuliziwa DDT. Anopheles funestus, mbu wa malaria anayeingia ndani, kuuma watu usiku wa manane, kisha kutua ukutani akiwa ameshiba damu, alikuwa ametoweka huko tangu miaka ya 1950.

Mwaka 1996 dawa ukoko ikabadilishwa. DDT inadumu mno katika mazingira, inaacha madoa meupe ambayo wenye nyumba waliyafunika kwa udongo mpya, na haikuwa ikiua tena kunguni. Badala yake ikaja deltamethrini, iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya pareto, ua linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania.

Haukupita muda, funestus wakakamatwa wakiwa hai ndani ya nyumba zilizopuliziwa. Kipimo cha usugu wa mbu kwa dawa ni rahisi: mbu huingizwa kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa, wakakaa humo saa moja, na kesho yake wafu wanahesabiwa. Hawa wengi waliendelea kuruka. Ndugu zao wa kusini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na usugu uleule: vimeng'enya vya mwilini mwao viliivunjavunja deltamethrini kabla haijafika kwenye neva. DDT nayo hushambulia neva, lakini vimeng'enya vile havikuiweza.

Wakati huohuo vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea SP, dawa ya kutibu malaria iliyokuwa ikitegemewa hospitalini. Mwaka 2000 nchi ilipata wagonjwa wa malaria zaidi ya 60,000, wengi wao wa KwaZulu-Natal. DDT ikarudishwa, dawa mseto ikaanza kutolewa 2001, na upuliziaji ukavuka mpaka hadi Msumbiji. Ndani ya mwaka mmoja wagonjwa wa jimbo hilo walipungua kwa zaidi ya robo tatu.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa DDT. Sikubaliani nao. Hakuna dawa isiyozoeleka, hata DDT. Waliookoa watu ni wale waliotega mbu madirishani na kuwapima, na kazi hiyo mara nyingi hukatiwa bajeti mapema. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, funestus sugu ndiye msambazaji mkuu wa malaria leo. Mtafiti akibisha hodi akiomba kutega mbu chumbani kwako, mfungulie.