Kitalu Nyumba Kisicho na Moto: Istilahi na Majira

Mfasiri akabidhiwapo maelezo ya kilimo cha mboga wakati wa baridi katika nchi za kaskazini, hukimbilia majina. Sisi twaona heri aanze na kitu chenyewe.

Kitu hicho ni matao ya mabomba yaliyopangwa mstari na kufunikwa karatasi ya nailoni. Hakina tanuri. Mchana jua hupasha udongo. Usiku karatasi huzuia upepo na kuchelewesha joto kupotea. Basi "banda la matao" latosha kuwa jina mahususi, chini ya "kitalu nyumba", jina la jumla lililokwisha kuzoeleka. "Nyumba ya kijani" hatuipendi: kijani ni mboga, si nyumba.

Spinachi na karoti ziitwe "zenye kustahimili baridi", wala si "zipendazo baridi". Jani la spinachi huganda usiku likalegea, na jua likipanda husimama tena, kwa kuwa baridi huongeza sukari ndani yake na sukari huchelewesha kuganda.

Matata makubwa yamo katika majira. Tukiita baridi ya Desemba "kipupwe", msomaji wa Ngonga, wilayani Kyela, atafahamu Juni hadi Agosti. Desemba yake ni joto na mvua. Tena, katika jimbo la Maine, Marekani, mchana hupungua chini ya saa 10 tangu mapema Novemba hadi mapema Februari, na mboga karibu zikome kukua. Ndiyo maana Eliot Coleman, mkulima wa huko, hufundisha kupanda mapema ili banda liwe ghala la mboga hai. Ngonga, mchana ulio mfupi kabisa ni kama saa 11 na nusu.

Mwalimu akisoma darasani tafsiri ya neno kwa neno, wanafunzi watafunika spinachi kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, nao watazipika kabla ya kuzivuna! Ngonga paa lahitajika kukinga mvua, na pande ziachwe wazi. Maelezo yale yafaa zaidi Kitulo, juu ya mita 2,600, ambako kipupwe huleta sakitu.

Kwa hiyo twapendekeza "majira ya baridi ya kaskazini", na miezi itajwe. Kuhusu "sakitu", walimu wa Makete watuandikie watumialo.